Ukiambiwa "Kompyuta Imekataa": Mtoto Mwenye Ulemavu na Akili Bandia

Leo tuzungumze juu ya akili bandia, zile programu za simu na kompyuta zinazojibu maswali na hata kuamua mambo ya watu. Mama anayelea mtoto mwenye mtindio wa ubongo ana sababu ya kuifahamu.

Nawapa kisa cha kweli kutoka jimbo la Arkansas, Marekani. Zamani muuguzi ndiye aliyeamua mtu mwenye ulemavu asaidiwe nyumbani saa ngapi. Mwaka 2016 kazi hiyo ikapewa programu ya kompyuta. Mwanamke mmoja mwenye mtindio wa ubongo, aliyekuwa akipata saa 56 kwa wiki, akapunguziwa hadi 32. Je, alikuwa amepata nafuu? Hapana. Alihitaji kuinuliwa kitandani na kulishwa vilevile kama jana. Kesi ilipofika kortini, ilijulikana kwamba programu haikuuhesabu mtindio wa ubongo sawasawa. Mwaka 2018 jaji akaamuru isiendelee kutumika vile.

Mimi muuguzi kisa hiki kinaniuma, maana mtu aliyeuona mwili wa yule mama angejua.

Mashine hujifunza kutokana na habari za watu wengi, na watoto wetu ni wachache humo. Ndiyo sababu programu ya kusikiliza sauti humwelewa msemaji wa kawaida, lakini mtoto ambaye ulimi wake ni mzito huambiwa arudie, arudie tena, mpaka anyamaze. Hata hivyo msiitupe simu. Asiyeona husomewa barua nayo, na mtoto asiyesema anaweza kugusa picha nayo ikamsemea "nina kiu". Hiyo ni faida kubwa.

Sasa, ukienda kuomba msaada wa mtoto ukaambiwa "kompyuta imekataa", usiondoke. Uliza ni nani aliyeamua. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakupa haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo zito, na unaweza kuomba liangaliwe upya. Sheria hiyohiyo inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa. Kwa hiyo mtu akija kijijini kupiga picha za watoto wenye ulemavu, mwulize zinakwenda wapi. Kukataa si utovu wa adabu.

Na mtoto akifika miezi 9 bila kukaa mwenyewe, usiishie kuuliza simu. Simu haijamshika shingo wala kuona mguu ulivyokaza. Mlete kliniki pamoja na kijitabu chake cha Afya ya Mama na Mtoto, hata kama siku ya chanjo haijafika.