Kabla ya Kufika Mlangoni: Polisi, Mbwa wa Nyumbani na Uwajibikaji nchini Marekani



Aprili 1998, huko Muhlenberg, Pennsylvania, familia moja ilikuwa ikifungasha vyombo ili ihame. Mbwa wao Immi, wa aina ya Rottweiler, akatoka uani na kuingia kwenye maegesho ya magari, shingoni kavaa mkanda wa rangi ya waridi. Askari akamwita, mbwa akabweka, akarudi nyuma. Mwenye mbwa akapiga kelele dirishani: huyo ni wangu, usimpige! Askari akasita kidogo, kisha akafyatua risasi tano.

Hoja yangu jioni hii ni moja. Askari huwajibika kweli pale anapoulizwa alijiandaa vipi kabla ya kufika mlangoni. Akiulizwa tu aliogopa kiasi gani alipofika, hakosi jibu.

Kwa sheria za Marekani, mbwa ni mali ya mtu. Mawakili walipata upenyo hapo hapo. Marekebisho ya Nne ya Katiba yanakataza dola kutwaa mali ya raia pasipo sababu ya msingi, na kumuua mbwa ni kumtwaa asirudi tena. Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa ilitamka hivyo mwaka 1994. Mwaka 2001 ile ya Kanda ya Tatu, ikiamua kesi ya Immi, ikasema dola haiwezi kumuua mnyama asiyeleta hatari ya papo hapo ilhali mwenyewe yupo, anatazama na anamtaka.

Lakini mali ina bei. Mwaka 2014, katika Kaunti ya Anne Arundel, Maryland, askari aliyekuwa akipita nyumba hadi nyumba kupeleleza wizi alimuua mbwa aitwaye Vern mbele ya nyumba ya mwenyewe. Alidai alishambuliwa, jopo la raia walioketi kusikiliza kesi halikukubali, likatoa fidia ya zaidi ya dola milioni 1.2. Mwaka 2021 mahakama ya juu ya jimbo ikaishusha hadi dola 7,500, kwa kuwa sheria ya fidia ya wanyama iliweka kikomo hicho. Haki ilipatikana, uchungu ukabaki bila thamani.

Ndiyo maana navutiwa zaidi na kesi ya San Jose, California. Polisi walikwenda kupekua nyumba za wanachama wa klabu ya pikipiki ya Hells Angels, wakaua mbwa watatu. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa iliwanyima kinga dhidi ya kushtakiwa: walijua wiki nzima kabla kwamba mbwa wapo, na hawakuandaa njia ya maana ya kuwadhibiti bila kuwaua. Mwaka 2016, katika kesi kama hiyo ya Battle Creek, Michigan, askari walipewa kinga hiyo. Habari za mbwa walizipata muda mfupi tu kabla ya kuingia. Muda wa kujiandaa ulipimwa katika kesi zote mbili.

Wapo watakaosema askari hana nafasi ya kufikiri mbele ya meno. Sawa. Lakini matarishi wa posta wa nchi hiyo hiyo hukutana na mbwa kila siku bila bunduki. Hufundishwa, na hubeba dawa ya kupulizia. Colorado ililitambua hilo. Sheria yake ya mwaka 2013 inawataka polisi na masherifu wafundishwe kusoma tabia za mbwa, na wampe mwenyewe nafasi ya kumwondoa mnyama wake hali ikiruhusu.

Basi kila ombi la hati ya upekuzi lieleze: je, kuna mbwa, nani atamdhibiti, na kwa kifaa gani? Pasipokuwa na jibu, hakimu asitie saini. Na mbwa akiuawa, karatasi hiyo iwe kielelezo cha kwanza mahakamani.