Nani Akague Mlangoni? Sheria za Vyoo vya Umma na Watu Waliobadili Jinsia Nchini Marekani



Mada niliyopewa inahusu sheria zinazowaamulia watu waliobadili jinsia waingie choo kipi cha umma. Nitaizungumza zaidi kupitia North Carolina, jimbo la kwanza la Marekani kupitisha sheria ya aina hii kwa jimbo zima. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: sheria hizi ni mbaya, na ubaya wake unaonekana hata kwa mtu asiyekubaliana na lolote kuhusu kubadili jinsia.

Februari 22, 2016, Baraza la Jiji la Charlotte, katika jimbo hilo, lilipitisha kanuni ya kuwalinda watu waliobadili jinsia dhidi ya ubaguzi, vyoo vikiwemo. Kanuni ilikuwa ianze kutumika Aprili 1. Haikufika huko. Machi 23 bunge la jimbo liliitwa kwenye kikao maalumu, na siku hiyohiyo muswada ukawasilishwa, ukajadiliwa, ukapita, na Gavana Pat McCrory akautia saini usiku. Sheria hiyo, iliyojulikana kama HB2, ilitaka vyoo vya pamoja vya shule, vyuo na ofisi za serikali vitumike kwa kufuata jinsi iliyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa.

Hapa naomba tutulie kidogo. Nani huenda chooni na cheti cha kuzaliwa? HB2 haikusema nani angekidai, haikumtaja ofisa wa kukagua, wala haikuweka adhabu kwa mtu atakayeingia choo kisichokuwa chake. Tena, kwa mtu aliyezaliwa North Carolina, cheti hakikubadilishwa mpaka awe amefanyiwa upasuaji. Kwa hiyo mwanamume mwenye ndevu na sauti nzito, ambaye alipozaliwa aliandikwa msichana, aliamriwa na sheria aingie choo cha wanawake. Wanawake ambao sheria ilidai kuwalinda ndio waliopelekewa mtu huyo, na yeye mwenyewe akawekwa mahali ambapo angepigiwa kelele au kupigwa.

Pasipo na mkaguzi, mkaguzi anakuwa yeyote aliye karibu, na kipimo chake ni macho. Marekani wapo wanawake ambao hawajabadili chochote maishani mwao, ila ni warefu, au wana mabega mapana, au wamekata nywele, na wamesimamishwa mlangoni wathibitishe uanamke wao. Fikirieni kipimo hicho katika shule zetu za sekondari, ambako mabinti wengi hunyoa nywele kwa amri ya shule.

Jambo jingine lililopita kimyakimya ni kwamba HB2 ilizinyima pia serikali za miji uwezo wa kuwawekea waajiri binafsi kima cha chini cha mshahara. Hofu ya chooni ilibeba na mambo ya mshahara.

Gharama zilikuja upesi. Kampuni ya PayPal ilifuta mpango wa kituo cha Charlotte chenye ajira 400. Ligi ya mpira wa kikapu, NBA, iliuhamishia New Orleans mchezo wake wa nyota wa 2017. Shirika la habari la Associated Press lilikadiria kwamba jimbo lingepoteza zaidi ya dola bilioni 3.7 katika miaka 12. Novemba 2016 McCrory alishindwa katika uchaguzi wa ugavana kwa tofauti ya kura kama 10,000, ingawa Donald Trump, wa chama chake, alilishinda jimbo hilo siku hiyohiyo. Machi 30, 2017 gavana mpya, Roy Cooper, alisaini sheria ya kuifuta HB2, lakini sheria hiyo mpya ikaizuia miji kutunga kanuni zake za kuzuia ubaguzi hadi Desemba 2020.

Wengi hukisimulia kisa hiki kwa hesabu ya dola. Mimi hesabu inayonigusa ni nyingine. Katika utafiti uliofanyika Marekani mwaka 2015, uliowahoji zaidi ya watu 27,000 waliobadili jinsia, asilimia 59 walisema waliepuka vyoo vya umma katika mwaka uliotangulia. Asilimia 32 walipunguza kula na kunywa ili wasihitaji choo. Asilimia 8 walipata maambukizi ya njia ya mkojo au matatizo ya figo kwa sababu ya kujizuia. Mwanafunzi anayeshinda na kiu darasani anaumia bila mtu yeyote kupata usalama zaidi.

Sibezi hofu ya wanawake. Kuvamiwa na kuchunguliwa chooni ni mambo ya kweli, na ni makosa ya jinai bila kujali jinsia ya anayeyafanya. Lakini watafiti waliolinganisha maeneo ya Massachusetts yenye kanuni za kuwalinda waliobadili jinsia na maeneo yasiyo nazo, katika ripoti iliyotoka 2018, hawakuona kwamba kanuni hizo ziliongeza uhalifu vyooni. Mwaka huohuo zaidi ya theluthi mbili ya wapiga kura wa jimbo hilo walichagua kubaki na sheria ya ulinzi. Na kama shida ni faragha, tuangalie ujenzi: vyoo vingi vya umma Marekani vina milango yenye nafasi chini na pembeni, mtu wa nje akaweza kuona ndani. Mlango unaofunga hadi chini na komeo imara vinamlinda kila mtu.

Watunga sheria waliofuata waliliona pengo la HB2. Florida, mwaka 2023, iliamua kwamba katika majengo ya umma mtu atakayekataa kutoka baada ya kuamriwa na mhusika anaweza kushtakiwa kwa jinai. Texas ilikwenda njia nyingine. Sheria yake iliyoanza Desemba 4, 2025 inaitoza taasisi yenyewe dola 25,000 kwa kosa la kwanza na 125,000 kwa makosa yanayofuata. Taasisi inayoogopa faini ya namna hiyo itaweka walinzi wa kuwatazama watu miili.

Ninyi mnaoandaa miswada na mnaowashauri wabunge, naomba jambo moja. Likija pendekezo la namna hii mezani, kabla ya kujadili maadili, daini iandikwe kwa jina la cheo: nani atakagua, atakagua nini katika mwili wa mtu, na aliyekaguliwa kwa makosa atalalamika wapi. Kama mwandishi wa muswada hawezi kujibu, mrudishieni.