Kabla ya Kununua Turbo Nyingine

(Mazungumzo ya fundi wa magari na madereva na vijana wa karakana, Nyanchwa. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.)

Nimeombwa nizungumze juu ya gari linalokosa nguvu mlimani, na hasa hii turbo ambayo siku hizi kila mtu anailaumu. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana nikianza na la mwingine mtasema nasengenya.

Mzee mmoja wa upande wa Nyamira aliniletea Hiace yake ya dizeli. Alikuwa ameinunua ibebe abiria siku za soko na ndizi siku zingine. Malalamiko yake: ikipanda kutoka Oyugis kuja huku, hata lori lenye mzigo linaipita, na moshi mweusi unafuata nyuma. Nikaunganisha skana, ikatoa namba P0299. Maana ya namba hiyo ni kwamba presha ya hewa inayosukumwa na turbo iko chini ya ile kompyuta ya gari inayotaka. Mimi nikaona turbo imetajwa, nikasema basi, turbo imekufa. Mzee akatoa pesa za bonasi ya chai, zile ambazo alikuwa amezipangia karo. Tukanunua turbo iliyotumika, nikaifunga, akaenda zake. Siku ya tatu akarudi. Moshi ule ule, namba ile ile.

Makosa yalikuwa wapi? Paipu ya mpira inayotoa hewa kwa turbo na kuipeleka kwa ile rejeta ya kupoza hewa, tunayoiita intakula, ilikuwa imepasuka upande wa chini, pale macho hayafiki. Gari likisimama, ufa unajifunga. Presha ikija, unafunguka kama mdomo. Paipu ile haikuwa pesa ya kumkosesha mtu usingizi. Lakini zile za turbo hazikurudi, na mtoto alikaa nyumbani. Tangu siku hiyo namfanyia mzee huyo sevisi bila kudai ufundi, na bado naona nina deni.

Sasa sikilizeni. Turbo ni feni mbili katika shafti moja. Moshi ukitoka kwa injini unazungusha feni ya kwanza, na hiyo inazungusha ya pili ambayo inasukuma hewa safi ndani. Ni ujuzi wa zamani: Alfred Büchi wa Uswisi alipata hataza yake mwaka 1905. Namba P0299 haisemi turbo ni mbovu. Inasema hewa haijafika. Ni kama maji ya mfereji yasipofika nyumbani. Je, utakimbia kununua pampu, ama kwanza utatembea kando ya bomba uone linapovuja?

Kabla hatujatembea, kuna jambo la hapa kwetu milimani ambalo limewapoteza vijana wengi. Hewa ya Mombasa, usawa wa bahari, ina presha ya kilopaskali kama 101. Sisi hapa Kisii tuko juu, mita kama 1,700, na hewa yetu ni kama 83 tu. Fungua swichi bila kuwasha injini, usome sensa ya presha ya manifoldi. Inatakiwa isome hiyo hewa ya nje, yaani karibu 83. Kijana anaona 83, anakumbuka kitabu kilisema 100, anasema sensa imeharibika. Haijaharibika! Ikisoma 101 hapa Kisii, hapo ndipo uitilie shaka.

Hesabu inaendelea. Tuseme gari linapanda na mzigo, na skana inasoma 180. Msukumo wa turbo ni 180 toa 83, yaani 97. Fundi anayetoa 101 kwa mazoea anapata 79, halafu anaanza kutafuta ugonjwa ambao haupo. Tena zile turbo za zamani zinazoongozwa na springi peke yake zinaongeza kiasi kile kile juu ya hewa iliyoko. Ikiwa ni 60, Mombasa injini itapata 161, na hapa itapata 143. Kwa hivyo ukinunua gari kama hilo Pwani ukalileta Keroka, litakuwa zito kidogo. Huo si ugonjwa, ni mlima.

Basi tutembee kando ya bomba. Anza na filta ya hewa. Vumbi la murramu la barabara zetu linaijaza kabla ya kilomita zilizoandikwa. Nilishakuta kitambaa cha fundi mwenzangu kimesahauliwa mle ndani, sitamtaja. Filta ya dizeli nayo uiangalie siku hiyo hiyo.

Halafu paipu zote kutoka turbo mpaka injini. Usiangalie kwa macho tu, pitisha vidole upande wa chini. Ukivuta mkono una oili na vumbi mbichi mahali pamoja, hapo hewa inatoka. Oili kidogo ya ukungu ndani ya paipu ni kawaida, usishtuke. Kama huna hakika, tengeneza kifuniko cha kuziba mdomo wa kuingilia hewa, ukifunge valvu ya tairi, uingize hewa polepole na upake sabuni ya maji kwenye viungo vyote. Psi 10 zinatosha. Tafadhali, usifungulie kompresa yote kama unajaza tairi ya lori, utapasua vitu vilivyokuwa vizima. Ukisikia hewa ikitoka kwenye mdomo wa kujazia oili, huenda inapita tu kwenye valvu za injini zilizo wazi. Zungusha injini kidogo kwa mkono ujaribu tena. Mapovu ndiyo shahidi.

Baada ya hapo nenda kwa ule mkono unaoendesha turbo. Magari mengine unavutwa kwa vakyumu kupitia paipu ndogo nyembamba kama mrija wa soda. Hizo zinakauka, zinapasuka, na panya wanazipenda. Vuta kwa pampu ndogo ya mkono: mkono usogee bila kukwama, na ukiacha ukae pale pale. Ukirudi wenyewe, kuna mahali panavuja. Ukikwama, mara nyingi ni masizi yameshika yale mapezi ya ndani ya turbo, na hayo yanaweza kusafishwa. Angalia pia kama moshi unavuja kabla ya kufika kwa turbo. Alama nyeusi kando ya gasketi ya manifoldi itakuonyesha, na injini ikiwa baridi utasikia tiki-tiki. Ekzosi iliyoziba kwa nyuma nayo inaifunga turbo pumzi.

Ukimaliza yote hayo, sasa ndiyo ufungue turbo yenyewe. Shika shafti. Kucheza kidogo kwa pembeni si hatia. Lakini ikicheza ndani na nje ukaihisi wazi, au mabawa yamekwaruza nyumba yake, hiyo imekwisha. Hata hapo usifunge mpya kabla ya kuuliza ile ya kwanza iliuawa na nini. Shafti hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na inaelea juu ya oili. Katika injini za Toyota 1KD, ambazo tunazo nyingi, sili za shaba za injekta zikivuja, moshi unaingia kwenye oili, oili inakuwa tope, na tope linaziba kichujio cha pampu kule chini. Turbo inakosa oili, inakufa. Ukifunga nyingine juu ya tope hilo, nayo itaifuata, na ukiwa na bahati mbaya injini pia. Fungua sampu, osha kichujio, badilisha sili na paipu ya oili ya turbo, halafu uitilie oili turbo mpya kwa mkono kabla ya kuwasha.

Kuna makanga ameuliza pale nyuma: ati si tunaweza kufunga kile kilango kinachopunguza presha, ili gari liruke mlima? Kijana wangu, unaweza. Presha itapanda, na moto ndani ya silinda utapanda pia, mpaka pistoni itoboke au gasketi ya juu ilie. Kilango hicho ndicho kinachokulinda wewe na abiria wako kumi na wanne msilale porini.

Sasa tutoke nje. Kuna pikapu ya dizeli, mwenyewe amekubali tuipime mbele ya watu wote. Mwenye sabuni ya maji ailete, na vijana wawili wanyoe mikono ya shati, kwa sababu paipu ya chini inafikiwa kwa kulala chini.