Kabla Mlango wa Thieta Haujafungwa

 

Nimeombwa nizungumze juu ya operesheni ya uti wa mgongo. Vikundi vyetu vinachanga kila mara: huyu ameanguka kutoka juu ya mti wa avokado, yule boda boda imemtupa barabarani. Tunafanya harambee, pesa zinapatikana, mgonjwa anapelekwa. Halafu? Tunakaa nje tukiomba. Kuomba ni vyema, lakini kuna kazi tunayoiacha, nayo ni kuuliza.

Zamani hapa Gusii, omobari alipopasua kichwa cha mtu, alifanya hivyo nyumbani, jamaa wakiwa karibu. Siwaambii tumrudie omobari! Nasema tu ya kwamba jamaa walijua anayepasuliwa ni nani, na kwa nini. Siku hizi mlango wa thieta hufungwa, na ndani mgonjwa amelala kwa nusu kaputi. Hawezi kusema, "Daktari, si mimi." Mwaka wa 2018, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, mtu alipasuliwa kichwa kumbe operesheni ilikuwa ya mwingine. Madaktari walitafuta damu iliyoganda, hawakuiona.

Mgongo nao una hatari yake. Pingili za shingo ni 7, za kifua 12, za kiuno 5, nazo zinafanana. Ngozi ikishakatwa, macho peke yake hayatoshi kujua kama hii ni ya 4 au ya 5. Kwa hiyo daktari mwangalifu huhesabu kwa eksirei palepale mezani, kabla ya kugusa mfupa.

Mwaka wa 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi moja ya kukaguliwa thieta. Kabla ya kisu kugusa ngozi, wote wanasimama na kutaja kwa sauti jina la mgonjwa, operesheni yenyewe, na mahali pa kukatwa. Kabla ya kumtoa, vitambaa na vyuma vinahesabiwa. Karatasi hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Kabla yake, wagonjwa 15 hivi katika kila 1,000 walikufa, baadaye, 8. Karatasi tu, ndugu zangu!

Basi uliza, "Daktari, nionyeshe kwenye picha ni pingili gani. Je, hakuna njia nyingine?" Kifua kikuu cha mgongo, kwa mfano, mara nyingi hupona kwa dawa bila kisu. Soma jina kwenye utepe wa mkononi. Usiweke kidole gumba kwenye fomu ambayo hujasomewa. Dawa za miti shamba na aspirini msizifiche, kwa maana nyingine huzidisha kutoka damu. Na ile chai ya huruma, asubuhi ya operesheni? Hapana, mama. Ikirudi kutoka tumboni huingia mapafuni.

Mtaniambia daktari atakasirika. Pengine. Uliza hivyo hivyo, kwa heshima.

Mgonjwa akirudi nyumbani na hawezi kujigeuza, ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku pia, asipate vidonda. Mke wake peke yake hataweza. Kikundi kipange zamu. Miguu ikizidi kufa ganzi au mkojo ukikataa kutoka, msingoje kesho. Rudini hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa maswali. Mama, wewe uliinua mkono kwanza.