Ndama Akihara, Maji Kwanza

Mazungumzo kwa wafugaji wa Minjila na vijiji vya jirani



Ndama anayehara hufa kwa kuishiwa na maji na chumvi mwilini, mara nyingi kabla ugonjwa wenyewe haujajulikana. Hali ni hiyo hiyo kwa watoto wa mbuzi na kondoo. Kwa hiyo mfugaji anayekimbilia agroveti kununua sindano huku mnyama amelala na kiu, anapoteza fedha na ndama pia.

Vinavyoleta kuhara ni vingi, na umri wa mnyama hutoa dalili. Katika siku nne za mwanzo, mara nyingi ni bakteria aina ya E. koli. Kuanzia wiki ya kwanza hadi ya tatu, huwa ni virusi vya rota na korona ya ng'ombe, au kimelea kiitwacho kriptosporidia. Baada ya wiki tatu, hasa kwa mbuzi na kondoo, koksidia huingia, na kinyesi huweza kuwa na damu. Salmonela hushambulia umri wowote. Dawa ya kuua bakteria haiui virusi, na koksidia ina dawa yake. Ndiyo maana dawa ichaguliwe na daktari wa mifugo.

Huduma ya kwanza hufanyika nyumbani. Lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa huchanganywa na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Ndama anyweshwe lita 1 hadi 1 na nusu, mara mbili au tatu kwa siku. Mtoto wa mbuzi nusu kikombe, mara kadhaa. Aendelee kunyonya, ila maji hayo yasichanganywe na maziwa. Asiyeweza kumeza asilazimishwe, maana maji yataingia mapafuni. Huyo, pamoja na mwenye macho yaliyozama, mdomo wa baridi au kinyesi chenye damu, apelekewe daktari siku hiyo hiyo.

Kinga huanza siku ya kuzaliwa. Dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, hayamwagwi. Ndama anyonye ashibe ndani ya saa 6, kabla ya kukamuliwa ya nyumbani. Baada ya saa 24 utumbo wake haupitishi tena kinga hiyo kwenda damuni.

Hatari huzidi makundi yanapokutana kwenye malka wakati wa kiangazi, au yanaposongamana mahali pa juu wakati wa mafuriko, kama 2018 na mwisho wa 2023. Vimelea hupenda matope na kinyesi kibichi. Jua na ukavu huviua. Zizi la wadogo liwe pakavu, lihamishwe mara kwa mara, na wagonjwa watengwe. Wazima wahudumiwe kwanza, wagonjwa mwisho. Mzoga uzikwe kwa kina, usitupwe mtoni: kuna watu wanaochota maji chini yake.

Mwisho, kriptosporidia na salmonela huambukiza binadamu. Watoto wasicheze na ndama anayehara, na anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au chombo cha maziwa.