Homa Baada ya Ushindi: Mhadhara juu ya Malaria na Siha ya Watu wa Mwambao



Desturi ya mhadhara wa kuingia katika kiti cha uprofesa humtaka mhadhiri aonyeshe ilimu aliyoichuma. Mimi naomba idhini yenu niutumie wakati huu kwa jambo ambalo ilimu yake imejulikana zamani, ila matumizi yake ndiyo yaliyotushinda mara kwa mara. Nitazungumza juu ya malaria, na hasa juu ya zile nyakati ambazo malaria imepungua, kwa kuwa katika tarikhi ya mwambao huu na visiwa vyake hasara kubwa aghalabu zilitufika tulipodhani ya kuwa kazi imekwisha.

Ilimu yenyewe haikukawia kutufikia. Mwaka 1880 tabibu wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, akiwa katika mji wa Constantine nchini Aljeria, aliviona vijidudu vikitikisika ndani ya damu ya askari mgonjwa. Mwezi wa Agosti 1897 Ronald Ross, akiwa Secunderabad katika Bara Hindi, alivikuta vijidudu vya jinsi hiyo katika tumbo la mbu. Na mwaka uliofuata mabingwa wa Italia, Giovanni Battista Grassi akiwa mbele yao, wakathibitisha ya kuwa mbu wa jamii ya anofelesi ndiye anayemchukulia binadamu maradhi haya. Dhana ya zama na zama, kwamba homa huletwa na hewa nzito ya vinamasi na umande wa usiku, ikabatilika hapo; walakini wazee walioishika dhana hiyo wasidharauliwe, maana aliyefunga madirisha magharibi ilipoingia na kujenga mbali na mabwawa alikuwa akijikinga na mbu pasipo kujua.

Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo duniani kujaribu kuifukuza malaria kwa mpango maalumu. Robert Koch, mjuzi wa Kijerumani aliyepata kukaa na kufanya uchunguzi mjini humo, alitoa rai kwamba, maadamu vijidudu huishi katika damu ya watu, basi kila mwenye kuvibeba, mgonjwa na asiyejihisi mgonjwa, atafutwe kwa darubini na kunyweshwa kwinini mpaka damu yake isafike. Na mwanzoni mwa karne ya ishirini waganga wa serikali ya Kijerumani wakajaribu kuitekeleza rai hiyo. Ilikuwa na hikima kubwa ndani yake, ila mji ule ni bandari: misafara ilikuwa ikiingia kutoka bara, majahazi yakitia nanga na kung'oa kila leo, na aliyetibiwa mwezi huu akaambukizwa tena mwezi wa pili na mbu aliyenyonya damu ya mgeni. Tena kwinini ni chungu, hutia mvumo masikioni, na si rahisi kumshawishi mtu asiyeumwa aendelee kuimeza. Mpango haukufaulu kuiondoa homa. Na nawaomba mlikumbuke jambo hilo, kwa sababu mbele kidogo mtaiona rai ile ile ikirudi katika visiwa hivi kwa vazi jipya.

Nije sasa visiwani. Katika miaka ya 1950 zaidi ya nusu ya watoto waliopimwa Unguja na Pemba walikuwa na vijidudu vya malaria katika damu zao. Ilipofika 1958, serikali kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani ilishika kazi ya kunyunyizia nyumba dawa ya kuua wadudu, kwanza dieldrini na kisha DDT, kwa hesabu hii: mbu jike akishashiba damu usiku huwa mzito, hawezi kwenda mbali, hutua ukutani apumzike, na vijidudu alivyovimeza vyahitaji siku kumi au zaidi kukomaa mwilini mwake kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Basi ukiutia ukuta dawa, hata asipokufa usiku ule, atatua tena na tena, na ni shida afike siku ya kudhuru. Kwa miaka kumi kazi hiyo ikaendelea, ikapita hata katikati ya mapinduzi ya 1964, na maambukizo yakashuka chini ya watoto kumi katika kila mia. Mwaka 1968 ikasimamishwa. Haukupita muongo mmoja, malaria ikawa imerejea karibu na mahali ilipokuwa.

Kurejea huko kuna ubaya unaozidi hesabu ya wagonjwa, na hapa nataka kukaa kidogo. Mtu mzima aliyekulia penye malaria nyingi huwa na kinga ya namna fulani, naye ameinunua kwa thamani kubwa, kwani aliugua mara nyingi utotoni akanusurika, ilhali wenzake wengi hawakunusurika. Kinga hiyo haivizuii vijidudu visiingie. Huvipunguzia makali tu, ili mtu apate homa ya siku mbili badala ya kupoteza fahamu. Nayo hudhoofika kwa mtu aliyekaa miaka bila kuambukizwa, na mtoto aliyezaliwa baada ya mbu kudhibitiwa hana kabisa. Hivyo nchi iliyoipunguza malaria kwa miaka kumi imelea kizazi kisicho na ngao ya zamani, ambacho ngao yake ya pekee ni ile kazi ya kunyunyizia, kupima na kutibu. Na anayeiondoa kazi hiyo kwa hoja kwamba wagonjwa wamekuwa wachache anakiacha kizazi hicho wazi. Mabaharia wetu wanaifahamu hali hii kwa jina lingine: ni kazi ya kufua maji ngamani, ambayo haina siku ya kuisha maadamu chombo kiko baharini, wala ukavu wa ngama si sababu ya kuitupa kata.

Habari ya Pare na Taveta ni ya namna hiyo hiyo. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 wataalamu waliokuwa Amani, katika milima ya Usambara, walinyunyizia dieldrini nyumba za pande zote mbili za mpaka wa Tanganyika na Kenya; mbu aitwaye Anopheles funestus akakaribia kutoweka, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Kazi ilikoma 1959, na baada ya miaka michache mbu yule akarudi mmoja mmoja, kisha makundi.

Kwa upande wa dawa tumeghafilika kwa njia nyingine. Klorokwini ilikuwa neema: rahisi, ikiuzwa hata dukani pamoja na sukari na mafuta ya taa. Lakini wengi wetu tulimeza vidonge vya siku ya kwanza, homa ikishuka tukavitunza vilivyobaki kwa ajili ya homa nyingine, wengine wakaviogopa kwa ule muwasho wake mkali. Na vijidudu vinavyopewa dawa pungufu hubakiza vile vinavyoistahimili. Usugu ukaonekana Kenya na Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, ukaenea, na Tanzania Bara ikaiacha klorokwini mwaka 2001, kisha mwaka 2006 ikaingia dawa mseto. Mseto maana yake dawa mbili pamoja, ili kijidudu kilichoikwepa moja kikutwe na ya pili. Sasa dalili za usugu dhidi ya artemisinini, mojawapo ya dawa za mseto huo, zimekwisha kuonekana Rwanda, Uganda na katika mkoa wa Kagera. Kila dozi inayokatizwa nyumbani kwetu inaisogeza hatari hiyo karibu.

Na lipo jambo la degedege, ambalo baadhi ya matabibu wenzangu wamelizungumza kwa kejeli isiyostahili. Mtoto mwenye malaria kali akishikwa na mtukutiko, macho yakageuka na mwili ukakakamaa, mama wa pwani ameambiwa tangu ujana wake kwamba hilo ni pepo, na kwamba mtoto wa namna hiyo akichomwa sindano hufa. Mwaona jinsi itikadi hii inavyojithibitisha yenyewe: mtoto hupelekwa kwanza kwa mganga, akafukizwa na kuogeshwa, akafikishwa hospitali akiwa mahututi, akachomwa sindano, akafa, na majirani wakawa mashahidi kwamba sindano ndiyo iliyoua. Katika vifo takriban laki sita ambavyo malaria husababisha kila mwaka duniani, wengi ni watoto wa Afrika walio chini ya miaka mitano, na wengi wao wangalinusurika kama wangalifika saa chache mapema. Mganga huyo yuko mtaani, anaaminiwa, na mlango wake hufunguliwa usiku wa manane. Palipokuwa na maelewano naye, akakubali kumtuma mtoto zahanati kabla ya mafusho, kimepatikana ambacho hotuba zetu hazikupata.

Vyandarua sitavisemea sana, kwa kuwa faida yake haina mabishano tangu majaribio ya Kilifi ya miaka ya 1990, ambako vyandarua vilivyotiwa dawa vilipunguza vifo vya watoto kwa kadiri ya theluthi moja, na tangu mradi wa bonde la Kilombero uliowauzia watu chandarua kwa jina la Zuia Mbu. Nasema tu kwamba mtu akionekana amelala nje kwa sababu ya joto, au amejifunika chandarua kilichotoboka, aulizwe kwanza nyumba yake ina madirisha mangapi.

Nipitie Makunduchi, kwa kuwa mbu hachukui malaria peke yake. Kusini mwa Unguja watu wengi waliteswa na matende na mabusha, maradhi ya minyoo midogo ichukuliwayo na mbu azaliwaye katika maji machafu ya vyoo vya shimo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, pamoja na kuwapa watu dawa, watafiti walimwaga katika vyoo hivyo punje nyepesi za polistirini, ambazo huelea na kufunika uso wa maji hata viluwiluwi vikakosa pumzi na mbu akakosa pa kutagia. Punje hizo hazikuhitaji kumwagwa upya kila msimu. Mbu wa vyooni wakapungua mno, na minyoo katika damu za watu ikapungua pamoja nao. Katika tadbiri zote nilizozisoma, hii ndiyo niipendayo zaidi, kwa kuwa walioifanya waliangalia mahali penyewe na vyoo vyenyewe kabla ya kuchagua dawa.

Tangu miaka ya 2000, kwa dawa mseto, vyandarua na kunyunyizia tena, Zanzibar imeishusha malaria hata ikawa chini ya mtu mmoja katika kila mia. Mgonjwa akithibitishwa kituoni, habari hupelekwa kwa simu, na afisa hufika nyumbani kwake akawapima watu wa nyumba nzima kwa kipimo cha haraka na kuwatibu wenye vijidudu. Hiyo ndiyo rai ya Koch, safari hii pamoja na dawa inayomezeka, kipimo cha dakika chache, na sheha anayemjua kila aingiaye katika shehia yake. Walakini visiwa vingali bandari, boti za Dar es Salaam hazilali, na wengi wa wagonjwa hukutwa wametoka safari. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 idadi ya wagonjwa ilipanda ghafla. Na mwaka 2025 misaada ya Marekani, iliyokuwa ikibeba sehemu kubwa ya kazi hii, ilitikisika kwa amri iliyotolewa mbali nasi. Sioni hoja yoyote ya kuacha mafuta ya pikipiki ya afisa wa malaria yategemee hazina ya watu wengine, tena katika nchi ambayo watalii wake huilipa kwa sababu ni salama.

Chanjo zilizojaribiwa, pamoja na mahali pengine, Kilifi na Bagamoyo zimekwisha kupendekezwa kwa watoto, nami nazifurahia. Ila hazikingi kwa ukamilifu, wala hazimzuii mbu mgeni anayetujia. Anopheles stephensi, mbu wa miji ya Asia, alionekana Djibouti mwaka 2012, kisha Ethiopia, Sudan na Somalia, na sasa amekwisha kuingia Kenya. Huyu hahitaji dimbwi la masika wala bonde la mpunga. Hutaga katika matangi, mapipa na visima vya mjini, hata wakati wa kiangazi. Mbu wa homa ya dengue (kidingapopo), aliyewaumiza watu wengi wa Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, naye huzaliwa mumo humo. Kwa hiyo naomba, kabla ya masika yajayo, masheha wa Mji Mkongwe na Ng'ambo wayahesabu matangi yasiyo na vifuniko katika mitaa yao, na wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu wafuatane nao nyumba kwa nyumba, wakiwa na kata na chupa, wachote viluwiluwi na kuvileta maabara vitambuliwe ni vya jinsi gani.