Mtiririko na Umbile la Ndani la Elektroliti Imara za Polima: Mtazamo Kutoka Bonde la Lufira



Bwawa hili la Mwadingusha, hapa mtoni Lufira, lilianza kutoa umeme mwaka 1930, enzi ya kampuni ya madini ya Union Minière, na mafundi wa Likasi wameishi na elektroliti tangu zama hizo. Katika matangi ya kiwanda cha Shituru ayoni za shaba husafiri ndani ya asidi ya salfuriki mpaka zikajipaka kwenye kathodi. Leo naomba tuzungumzie elektroliti isiyo na maji wala asidi, ambamo ayoni hupenya utando wa plastiki.

Mwaka 1973 P. V. Wright na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, waliripoti kwamba oksidi ya polietilini, kwa kifupi PEO, huungana na chumvi za metali kama sodiamu na potasiamu. Miaka mitano baadaye Mfaransa Michel Armand akapendekeza mchanganyiko wa namna hiyo utumike katika betri za lithiamu.

Weka utando wa mchanganyiko huo chini ya hadubini ya mwanga wa polaraizi. Utaona maduara yaliyobanana, kila moja na msalaba mweusi katikati: ni fuwele zilizochanua kutoka kwenye kitovu kimoja. Pandisha joto taratibu. Likikaribia nyuzi 65 za Selsiasi misalaba hufifia, na muda si mrefu uwanja wote huwa giza. Fuwele zimeyeyuka, na hapo ndipo lithiamu hupata njia. Watu walidhani zamani kwamba ayoni hupita katikati ya fuwele. Mwaka 1983 Berthier na wenzake walionyesha kuwa hupita katika sehemu zisizo na fuwele. Oksijeni za mnyororo wa polima hushika ayoni, mnyororo hujinyonganyonga, ayoni hupokelewa na oksijeni za jirani. Mnyororo uliogandishwa ndani ya fuwele hauvushi kitu. Ndiyo maana upitishaji wa ayoni katika joto la kawaida ni mdogo mara mia, hata mara elfu, kuliko katika nyuzi 70 au 80. Magari ya umeme ya Autolib' ya Paris, yaliyotembea kuanzia 2011 hadi 2018, yalitumia betri za jamii hii, nazo zilitaka kupashwa moto muda wote.

Sasa mtiririko. Reometa hubana sampuli kati ya sahani mbili na kuipeleka mbele na nyuma. Ikienda polepole, PEO iliyoyeyuka hutiririka. Ikienda kasi, minyororo iliyosokotana haipati nafasi ya kufunguana, na sampuli hushupaa. Mpishi wa bukari, yaani ugali, anaijua tabia hiyo mkononi mwake. Chumvi nayo ina mambo yake. Ikiwa ya kadiri huzuia fuwele kujipanga, lakini ikizidi, kila ayoni hufunga vipande kadhaa vya mnyororo pamoja, mnato hupanda na safari ya ayoni huchelewa.

Hapa ndipo penye utata wenyewe. Ulaini unaopitisha ayoni ndio huohuo unaoruhusu miiba ya lithiamu kuota kutoka kwenye anodi, kutoboa utando na kuunguza betri. Mwaka 2005 Monroe na Newman walikokotoa kwamba utando ungehitaji ugumu wa takriban mara mbili ya ule wa lithiamu yenyewe ili kuizuia miiba, yaani gigapaskali kadhaa. PEO iliyoyeyuka haifiki hata megapaskali moja! Njia inayonivutia zaidi ni kuunganisha PEO na polistaireni katika mnyororo mmoja: polima hizo mbili hujitenga katika tabaka za nanomita, moja ikibeba uzito, nyingine ikivusha ayoni. Unga laini wa oksidi za titani na alumini, uliotangazwa na kundi la Scrosati mwaka 1998, husaidia pia, hasa kwa kuchelewesha fuwele kurudi.

Kwetu Katanga swali kubwa zaidi ni la volti. PEO huanza kuharibika ikikaribia volti 4, na kathodi nyingi za kobalti huchajiwa kupita hapo. Kwa hiyo betri za polima zimeegemea fosfati ya chuma na lithiamu, isiyo na chembe ya kobalti. Nchi yetu huchimba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Polima itakayovumilia volti 4.3 ni habari ya soko letu, na sioni kwa nini tungoje kuisikia redioni.

Kuhusu vipimo, nina tahadhari mbili. Kwanza, kati ya Novemba na Aprili hewa yetu ni mvua tupu, na chumvi hizi hunyonya unyevu upesi. Sampuli yenye unyevu hulainika na kupitisha ayoni vizuri, halafu mtafiti akashangilia maji. Pili, umeme ukikatika sampuli hupoa na fuwele hurudi polepole, kwa saa nyingi, hata siku. Namba ya kesho yake si ya sampuli ileile. Ni kichekesho kusema haya kando ya mitambo sita ya umeme ya bwawa hili, iliyokarabatiwa hadi 2021, lakini aliyefanya kazi maabara Likasi ananielewa.

Naomba basi maombi yetu ya vifaa yasianze na reometa. Tuanze na hadubini yenye kitako cha kupashia joto, sanduku kavu la arigoni, na betri za akiba za kulinda joto la sampuli. Na utando wa kwanza tutakaoutengeneza tuupime juu ya kathodi ya kobalti.